Mazishi ya Kila Alhamisi

Jina la nchi yetu silitaji, na wala si kwa woga. Serikali ililikodisha kwa kampuni ya maji ya chupa, na mwananchi anayelitaja bila kibali anavunja mkataba wa kimataifa. Itoshe kusema ni nchi ndogo, imezungukwa na bahari, ina rais yuleyule tangu tupate akili, na ina Wizara ya Wageni na Tabasamu, ambayo ndiyo inayotuongoza katika mambo yote ya maana.

Kila Alhamisi ilikuwa ikija meli ya watalii iitwayo Anasa ya Saba. Zile sita nyingine sijui zilikuwa wapi. Labda zilikuwa na nchi zao. Ilikuwa ndefu kuliko mtaa wetu na ilipanda juu kuliko ikulu, jambo lililomhuzunisha Rais hadi akaamuru ikulu iongezewe mlingoti. Ndani yake, tuliambiwa, mlikuwa na mabwawa ya kuogelea, maduka, kumbi za dansi, na ufuo wa kutengeneza wenye mchanga uliochotwa kwetu. Wageni walilala humo, walikula humo, na hata vinyago vya nchi yetu walivinunua humohumo, vikiwa vimechongwa nchi nyingine. Kisha walishuka mara moja kututazama, wakapiga picha, wakawahi kurudi mezani.

Ili watukute tunafaa kutazamwa, Wizara ilitutungia utaratibu. Siku ya Alhamisi soko la samaki lilihamia nyuma ya gereza kwa sababu ya harufu. Foleni ya hospitali iligeuzwa itazame ukuta. Kuanika nguo za ndani kulipigwa marufuku na kuanika kanga kukawa lazima, hata kwa wasiokuwa na kanga. Wenye meno mabovu waliombwa kutabasamu kwa macho. Na juu ya yote, mazishi yalikatazwa kabisa. Waziri alilieleza Bunge kwamba mgeni amelipa nauli kubwa ili asahau kuwa atakufa, na si uungwana kumkumbusha.

Sisi tulipata nini? Wizara ilituambia tulipata kujulikana. Tulipata pia kilichokuwa matangini. Kabla ya kung'oa nanga, Anasa ya Saba ilifungua bomba ubavuni na kumwaga ghubani kila kitu ambacho wageni wale walikuwa wamekila wiki nzima na kumalizana nacho. Maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, yakafanya utando mzito wa mapovu, na juu ya mapovu vikaelea vitu ambavyo sitavitaja, maana huenda anayesoma yuko mezani. Wakazi wa ufukweni walipolalamika, Wizara ilitoa taarifa kwamba ule haukuwa uchafu. Yalikuwa maji yaliyostaarabika, na nchi nyingi zingeyatamani.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu inatazamana na ya Makame Vuai, aliyekuwa mpokea kamba gatini: meli ikifika hurusha kamba, naye huidaka na kuifunga. Mkewe ni Bi Mwanamvua. Hawakujaaliwa mtoto, na binti yangu Tausi alikulia zaidi kwao kuliko kwangu. Hata alipoolewa, mumewe akaenda kutafuta kazi ng'ambo, naye akarudi kwangu na mimba changa, alikuwa anakuja kulala tu. Mchana kutwa alikuwa kwa Bi Mwanamvua.

Alhamisi moja kamba ya Anasa ya Saba ilinasa chini ya gati. Msimamizi alimwamuru Makame apige mbizi akaitoe. Makame aliyatazama maji, akamtazama msimamizi, akavua shati. Alizama muda mrefu. Alipoibuka na kamba, kichwa chake chote kilikuwa kimepakwa yale maji mazito, na kikaratasi fulani kimemgandia shavuni. Wageni waliokuwa juu kwenye roshani za meli wakampigia makofi. Alitaka kukimbilia bombani, lakini msimamizi akamwambia asimame palepale apunge mkono mpaka wote wamalize kupiga picha. Makame alisimama, yale mambo yakimchuruzika puani na mdomoni, akapunga mkono.

Siku ya pili tumbo likamshika. Alipelekwa hospitali, akapangwa kwenye foleni inayotazama ukuta, na kufikia Jumatano jioni alikuwa amekwisha. Daktari alimvuta pembeni Khatibu, mdogo wake Makame, akamnong'oneza ugonjwa wenyewe. Kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi kwamba marehemu ameuawa na furaha iliyozidi kiasi, kwani msimu wa wageni katika nchi yetu hafi mtu kwa tumbo.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Khatibu alikwenda Wizarani kuomba ruhusa ya kumzika ndugu yake kabla joto halijamharibu. Karani alimsikiliza kwa tabasamu la kikazi, akamshauri angoje Ijumaa, na akakumbuka kuwa bandarini kuna friji kubwa la aiskrimu ambalo lingemfaa sana marehemu, isipokuwa siku ya Alhamisi friji lenyewe huwa na kazi. Khatibu alirudi nyumbani. Tukamwosha Makame, tukamsalia, tukamtia jenezani na kupita uchochoroni nyuma ya maduka, kimyakimya kama wezi, tukielekea makaburini.

Tulipokata kona tukagongana na kundi la wageni waliopotea njia.

Walikuwa wamevaa kaptula, na kila mmoja ameshika aiskrimu iliyochomekwa kibendera cha karatasi chenye jina la meli yao. Tulisimama, wakasimama. Nilijua sasa tutafungwa sote. Ghafla mwanamke mmoja mzee akaanza kulia, mumewe akatoa kamera, na wote wakatufuata nyuma hadi makaburini, aiskrimu zikiwayeyukia vidoleni. Wakapiga picha shimo. Wakampiga picha Khatibu akiwa ndani ya shimo anampokea kaka yake. Mmoja alimwomba arudie, maana mwanga haukuwa mzuri.

Polisi waliotumwa kutukamata walitukuta tunaweka udongo, lakini kabla hawajafungua pingu wakapigiwa simu kutoka Wizarani waache. Wageni walikuwa wameshaisifu safari yao kwa dunia nzima. Walisema wameona nchi nyingi zenye ngoma na nchi nyingi zenye machweo, lakini hawajawahi kuona kitu cha kweli namna ile.

Bi Mwanamvua alikuwa amekwishaingia eda, amekaa chumbani nyuma ya pazia pamoja na Tausi, gari la Waziri lilipopaki mlangoni. Mheshimiwa Shaweji Tamimu, Waziri wa Wageni na Tabasamu, alikaa sebuleni kati ya Khatibu na mimi, akakataa kahawa kwa kuwa alikuwa ametoka kula melini, na akatoa rambirambi za serikali kwa hotuba iliyoanzia uhuru wa nchi. Alisema bandari zote duniani zinagombania meli zilezile, kila bandari ina ufuo, kila bandari ina mnazi, na mgeni ameshachoka na minazi. Sasa anatafuta hisia. Na hisia, alisema, Mungu ametujaalia nyingi kuliko tunavyoweza kuzitumia wenyewe. Alhamisi ijayo wageni wangekuja wengine, nao wangeyataka mazishi.

Bi Mwanamvua akasema kutoka nyuma ya pazia, "Nashukuru kwa pole zako, Mheshimiwa. Lakini mume wangu nimeshamzika."

"Umemzika mara moja tu, bibi," Waziri akajibu kwa upole.

Khatibu alitazama sakafu. Waziri akaendelea kueleza, bila kupandisha sauti, kwamba eneo la makaburi yale limo katika ramani ya bustani ya mapumziko ya wageni, na matingatinga yanasubiri saini yake tu. Kaburi la mtu wa kawaida asingeweza kuliahidi chochote. Kaburi la msanii wa taifa, hilo lingekuwa jambo jingine.

Tulisikia pazia likitikisika, lakini hakutoka.

"Kaburi lake lisiguswe," alisema.

"Halitaguswa," Waziri akasema, mkono kifuani.

Mambo yakaanza. Jeneza lilitengenezwa jipya, jepesi, lenye vishikio vya kung'aa. Mimi nilipewa heshima ya kubeba mbele kushoto, na ujira wetu ulikuwa mabaki ya meza za meli: mikate iliyomegwa, kuku walioumwa upande mmoja, keki zenye alama za meno. Wizara ilitukumbusha kuwa ni meno ya watu wazito.

Kwa desturi yetu wanawake hawaendi makaburini, na mjane wa eda hatoki nje. Waziri alilitatua hilo kwa tamko moja. Alhamisi ziliondolewa kwenye hesabu ya eda. Siku hiyo Bi Mwanamvua angehesabiwa kuwa mtumishi wa umma, na eda ingesogezwa mbele kufidia. Hivyo kadiri alivyozidi kumzika mumewe, ndivyo eda yake ilivyozidi kurefuka. Kaniki yake ilionekana imepauka mno kwenye picha. Nikaamriwa nimshonee gauni jeusi lenye puleki za kumetameta. Nililishona vizuri, lilimkaa vizuri, na alipolijaribu mbele ya kioo Tausi alitoka nje akatapika. Nilisema ni mimba.

Mkurugenzi wa Burudani wa meli alikuwa akishuka kila wiki na maoni. Kilio cha wanawake kianze kwa pamoja na kikome kwa pamoja. Mjane aanguke, lakini upande wa jua. Wageni waruhusiwe kubeba jeneza, kisha waruhusiwe kumshika mjane mkono, kisha wamwage udongo. Baadaye mgeni mmoja aliuliza kama anaweza kulala jenezani, mkewe ampige picha. Ikawa desturi. Tuliwabeba mmoja baada ya mwingine, mababa wenye vitambi wanaonuka mafuta ya jua, wakichekea humo ndani na kutikisa makombo ya biskuti, nyuma yetu Bi Mwanamvua akiwalilia kwa jina la Makame.

Mwanzoni alilia kweli. Baadaye machozi yakakauka na Wizara ikampelekea kitunguu.

Siku moja nilimpelekea gauni nililolipunguza kiuno, maana alikuwa amekonda. Aliongea nami kutoka nyuma ya pazia.

"Fundi," aliniambia, "nikifumba macho kumtafuta Makame, anakuja yule mzungu wa kaptula ya maua. Yumo ndani ya jeneza, ananicheka. Sura ya mume wangu siipati tena."

Nilimwambia puleki nimeziongeza begani.

Wakati huo tumbo lilikuwa limeshaenea mtaa mzima wa ufukweni. Walikufa wavuvi, akafa mama muuza maandazi, wakafa watoto wawili wa nyumba moja. Madaktari wakatangaza kuwa furaha imekuwa ya kuambukiza. Waliokufa Jumatano walingojeshwa mpaka Ijumaa, kwani Alhamisi makaburi yalikuwa na shughuli ya taifa. Mama wa wale watoto alikaa nao ndani, milango imefungwa, akawapepea inzi kutwa nzima. Sisi tukapita mbele ya mlango wake na jeneza tupu, wanawake waliokodiwa na Wizara wakilia kwa pamoja na kukoma kwa pamoja.

Khatibu ndiye aliyeleta habari za kaburi. Ilikuwa Jumapili, na upande ule ulikuwa umezibwa kwa mabati, hata Alhamisi wanaingia wageni tu, lakini alipitia kwa nyuma. Akakuta Wizara imejenga vyoo vya wageni, vya vigae vyeupe, kwa kuwa watu wakilia sana hubanwa. Alipima kwa macho kutoka kwenye mkwaju, mti pekee uliobaki. Kaburi la kaka yake lilikuwa chini ya choo cha tatu.

Alikwenda kwa Waziri. Waziri alishangaa sana kuona ameshangaa. Kaburi halijaguswa hata kidogo, alisema. Limejengewa.

Khatibu alipomweleza shemeji yake, mimi na Tausi tulikuwepo. Nilidhani Bi Mwanamvua angelia, na hakulia. Aliuliza kama vyoo vile vinatumika. Khatibu akasema ndiyo. Akamwomba Tausi amtafutie beseni, kubwa kuliko yote mtaani.

Siku ya tatu yake Waziri alipata ujumbe uliomfurahisha. Bi Mwanamvua alikuwa amekumbuka desturi ya wazee wetu iliyosahaulika: anayetaka kugusa jeneza hunawa kwanza mikono kwa maji yaliyoandaliwa na mjane. Waziri alisema huo ndio moyo wa uzalendo aliokuwa akiusubiri. Aliahidi kuja mwenyewe na kutafsiri mwenyewe.

Alhamisi ile wageni walikuwa wengi kuliko siku zote. Tulikuwa tumembeba bwana mmoja mnene, mikono ameikunja kifuani na kofia ya meli kichwani, tukalitua jeneza mbele ya makaburi. Pembeni palikuwa na beseni juu ya kigoda, limefunikwa kitambaa cheupe kizuri. Wanawake wa mtaani walikuwa wamelibeba kutoka ghubani asubuhi ile, wakiwa wamefunga pua kwa mitandio. Maji yale waliyachota palepale chini ya bomba. Waziri alisema maneno machache kuhusu usafi. Wageni wakapanga foleni, mikono wameikunjua, kamera tayari. Mkurugenzi wa Burudani alisimama wa kwanza.

Bi Mwanamvua alikuja na gauni lake la puleki, akafunua kitambaa.

Harufu ilitangulia. Kisha watu wakaona. Yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, yakipumua mapovu taratibu. Mlikuwa na punje za mahindi zilizopita tumboni nzimanzima, mlikuwa na plasta ya kidonda, nywele, karatasi zilizolowa. Na juu kabisa, vikiwa vimesimama kwenye utando, mlikuwa na vibendera vya aiskrimu vyenye jina la meli.

Bi Mwanamvua hakupaza sauti. "Haya ni yenu," alisema. "Yalitoka matumboni mwenu yakaingia tumboni mwa mume wangu, kwa ajili ya kamba yenu. Leo nawarudishia. Naweni."

"Anasema karibuni tena," Waziri akatafsiri.

Lakini Mkurugenzi alikuwa amekwishasoma kibendera. Alirudi nyuma, akamkanyaga mama aliyemfuata, na yule mama akatapika kwenye viatu vyake. Hapo foleni nzima ikashikwa. Walitapika wakishikana mabega, walitapika juu ya makaburi na juu ya kamera zao, maandazi ya asubuhi, samaki wa moshi, matunda ya kwenye kopo, wakakimbilia vyoo vya vigae wakakuta milango haitoshi. Bwana mnene alijaribu kujiinua kutoka jenezani akashindwa, akajitapikia humohumo, akilia na kuita mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza jeneza lile kutoa kilio cha kweli.

Meli iliondoka kabla ya chakula cha mchana. Kampuni yake ilitangaza kwamba haitarudi, kwa sababu bandari yetu haifikii viwango vyake vya usafi.

Bi Mwanamvua alishtakiwa kwa kosa la kuwaonesha wageni mali yao bila idhini. Kesi ilikwama siku ya kwanza. Kielelezo kilikuwa lile beseni, na hakimu alikataa kukaa nalo chumba kimoja. Bila kielelezo hapakuwa na kesi, na bila meli hapakuwa na aliyejali. Akaachiwa. Wiki hiyo watu wa ufukweni walikwenda na nyundo wakavunja vile vyoo kigae kwa kigae, polisi wakitazama, maana na wao walikuwa na watu wao chini yake. Khatibu alilifukua tuta la kaka yake kwa mikono.

Bi Mwanamvua aliikamilisha eda yake, akizihesabu Alhamisi zote, za Waziri na za Mungu. Siku aliyotoka, Tausi alimsindikiza mpaka kwenye lango la makaburi akamwacha aingie peke yake. Alikaa pale kwenye tuta hadi adhuhuri. Tausi anasema alirudi macho yamevimba, akamwambia kwamba sura ya Makame ameiona, kidogo, upande mmoja. Gauni la puleki alinirudishia. Nimelikata viraka.

Kwa nchi yetu yalifuata maafa makubwa, kama Wizara ilivyotueleza redioni. Maji ya ghuba yalianza kuonekana chini. Samaki walirudi bila kibali. Watu waliacha kufa kwa furaha. Waziri hakuweza kuvumilia hali hiyo. Alisafiri na ujumbe mzito kwenda kuwaangukia wenye meli, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa anatabasamu.

Gari lake lilipaki mlangoni kwangu Jumatatu asubuhi. Alikaa sebuleni, akaisifu cherehani yangu, akatoa hotuba iliyoanzia uhuru wa nchi. Wenye meli wamekubali kusamehe, alisema. Wanaweza kuleta hata ya nane. Ila mazishi wameyachoka, sasa jirani zetu wote wanayafanya, na mgeni anataka kitu kipya, kitu chenye matumaini. Aliangalia pazia la chumbani.

"Fundi, nimesikia binti yako amekaribia. Tunaomba tu ajizuie mpaka Alhamisi. Jukwaa limeshaanza kujengwa."

Mimi ni mwananchi mtiifu na sijawahi kumkatalia Waziri. Nilimwambia ni heshima kubwa kwa ukoo wetu, nikamwomba anywe kahawa aningojee niitafute sukari. Kisha nikapita ndani, nikamshika Tausi mkono, maana uchungu ulikuwa umemwanza tangu alfajiri na alikuwa anauma kanga asisikike, tukatokea mlango wa uani, tukazunguka na kuvuka barabara. Bi Mwanamvua alikuwa amekwishafungua wa kwake. Alimwingiza Tausi, akanitazama.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Sebuleni kwangu."

"Akae."

Akafunga mlango kwa komeo. Nilikaa barazani nimeuegemea kwa mgongo, mvua ikaanza kunyesha, na upande wa pili wa barabara nilimwona Mheshimiwa akichungulia dirishani, akitazama saa, akirudi kukaa. Mtoto alizaliwa siku hiyohiyo ya Jumatatu, mchana, mikononi mwa Bi Mwanamvua. Ni wa kike. Hakuna mtu aliyempiga picha.